Mafua emajensi, saa sita usiku

Ukitaka kujua zahanati za mtaani hufungwa saa ngapi, usihangaike kuuliza. Kakae kwenye benchi la idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa ya Dar es Salaam kuanzia saa kumi jioni. Ikifika saa mbili usiku benchi limejaa. Yupo mtoto anayekohoa mgongoni kwa mama yake, kijana aliyeshika shavu kwa sababu ya jino, fundi gereji aliyejikata kidole na kukizungushia tambara lenye grisi, binti aliyemeza dawa za UTI alizopewa dukani na bado haja ndogo inamchoma, mama wa makamo anayesema mgongo unamuuma tangu wiki juzi. Katikati yao hupitishwa machela ya dereva wa bodaboda aliyegongwa, kiatu kimoja hakipo, na wote huvuta miguu kumpisha.

Manung'uniko ya wahudumu kuhusu watu wa benchi ni yale yale, iwe Dar, Nairobi, London au Chicago: hawa si wa hapa. Mtu ana mafua, kaja emajensi! Kila baada ya muda msemaji wa hospitali fulani husimama mbele ya vipaza sauti na kuwaomba wananchi waanzie ngazi za chini, wawaachie nafasi wenye hali mbaya. Wananchi husikia, hutikisa vichwa kukubali, na Jumamosi inayofuata wapo pale pale.

Ombi lenyewe halina ubaya, ila limepelekwa kwa asiye na jibu. Mgonjwa wa saa tano usiku anaulizwa kwa nini hakwenda zahanati, na zahanati ina kufuli. Anaulizwa kwa nini hakujua kwamba ugonjwa wake ni mdogo, na hata daktari aliyesota chuoni miaka mitano hawezi kulijua hilo mpaka ampime. Halafu lipo linalonitia wasiwasi zaidi ya hayo yote: kwetu hapa, wanaokuja bila sababu ni tatizo dogo kuliko wanaochelewa kuja.

Mtu wa kwanza kukuona pale ni sista aliyekaa kwenye meza karibu na mlango. Kazi yake ni kuchuja: nani aingie sasa hivi, nani akae asubiri. Ana kipimajoto, mashine ya presha, na kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Anapokaa kimya akikutazama kifuani usidhani amechoka. Anahesabu pumzi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili mbaya. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mama akishasema "mafua tu, sista", sista hunyanyua kanga, hutazama mbavu zinavyovutwa ndani, huangalia saa ya ukutani, na pengine kabla hajamaliza kuandika jina anainuka na mtoto mikononi kwenda chumba cha ndani.

Kuchuja huku kuna kanuni zake. Mwaka 2004 wataalamu wa Cape Town walianza kutengeneza mizani ambayo muuguzi mwenye vifaa vichache angeweza kuitumia, na imesambaa katika nchi kadhaa za Afrika. Mgonjwa mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, na wa kijani anaweza kusubiri hata saa 4. Baadaye Shirika la Afya Duniani, Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka wakatoa utaratibu mwepesi zaidi, wa rangi tatu.

Hao wa kijani ndio wanaosemwa. Lakini tazama mpangilio: rangi hutolewa baada ya vipimo. Mama yule alipokuwa nyumbani, akibishana na mumewe waite bajaji au wasubiri kukuche, mtoto hakuwa na rangi yoyote.

Wamarekani wamelichunguza jambo hili kwa makini kwa sababu kwao lina hela nyingi ndani yake. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Maria Raven na wenzake. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa wa emajensi nchini mwao na kuwatafuta wale ambao ugonjwa ulioandikwa mwishoni, wanaporuhusiwa, ungeweza kutibiwa kwenye kliniki ya kawaida. Wakapata asilimia 6.3 tu. Kisha wakageuza swali: wagonjwa hao walipofika mlangoni walisema wanasumbuliwa na nini? Malalamiko yao yalikuwa yale yale yaliyoletwa na asilimia 88.7 ya wagonjwa wote. Na kati ya wote walioleta malalamiko hayo, asilimia 12.5 walilazwa, na asilimia 3.4 ya hao waliolazwa walitolewa emajensi moja kwa moja hadi chumba cha upasuaji. Kwa maneno mengine, yule wa "kurudi nyumbani na panadol" na yule wa kupasuliwa usiku huo walisema kitu kimoja walipofika.

Kwetu ugonjwa unaosingiziwa kila kitu ni gesi. Mzee ana kisukari miaka kumi. Jioni anahisi tumbo limemjaa juu ya kitovu, jasho linamtoka, anamtuma mjukuu dukani akamletee dawa ya vidonda vya tumbo. Mara nyingi huwa ni kiungulia kweli. Mara nyingine ni moyo, mshipa unaoulisha umeziba. Kwa wenye kisukari, wazee na wanawake, maumivu ya moyo si lazima yaje kama tunavyoyaona kwenye filamu, mtu akijishika kifua na kuanguka. Huja kama kichefuchefu, uchovu, taya kuuma, gesi. Kutofautisha kunahitaji kipimo cha umeme wa moyo na cha damu, na vipimo hivyo havipo sebuleni. Mzee huyo akiruhusiwa na cheti kilichoandikwa "asidi tumboni", msomaji wa cheti atasema alipoteza muda wa watu. Anasema hivyo akiwa ameshika majibu ambayo mzee hakuwa nayo.

Kampuni za bima za Marekani ziliwahi kusoma vyeti kwa namna hiyo na kukataa kulipa. Ndiyo maana sheria yao ya mwaka 1997, kwa upande wa bima za umma, iliweka kipimo kingine: kinachoangaliwa ni kama mtu wa kawaida mwenye busara, asiye daktari, angeona dalili zile ni za hatari. Hata baada ya hapo kampuni nyingine zilijaribu tena. Nalitaja hili kwa sababu Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023, na siku kadi zitakapoenea, mtu mmoja ofisini atapendekeza mgonjwa wa kijani alipe mwenyewe. Atakuwa na takwimu za kumsaidia. Mwaka 2008 jimbo la Oregon liliendesha bahati nasibu ya kuwapa watu wa kipato cha chini bima ya serikali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa waliopata bima walikwenda emajensi kwa asilimia 40 zaidi ya waliokosa, katika muda wa karibu mwaka mmoja na nusu. Wengi walitarajia kinyume chake, kwamba mwenye kadi atakwenda kliniki ya kawaida. Alikwenda pote. Kadi inafungua mlango uliokuwa umefungwa na umaskini, na mlango wa karibu unaofunguka saa zote ni emajensi.

Tusubiri basi foleni ndefu zaidi, wala tusishangae.

Kufuli la saa tisa na nusu

Mpango tunao. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yameongezeka sana tangu hapo. Kwenye karatasi mgonjwa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda, hadi ya taifa, barua ya rufaa mkononi.

Ngazi hiyo hupandika mchana. Saa za kazi serikalini ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na zahanati nyingi za umma hufuata saa hizo. Sasa mchukue dada wa kazi za ndani anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kupata nafasi ya kukaa baada ya watoto wa mwajiri kulala. Mchukue kibarua wa kiwandani ambaye siku ya kutokwenda ni siku ya kutolipwa. Mama lishe hawezi kuacha sufuria saa saba mchana akapange foleni ya kichwa kinachogonga. Ataifunga biashara saa kumi na mbili, ataoga, na ndipo atakumbuka kuwa anaumwa. Kwa watu hawa usiku ndio muda wa kuumwa. Ukiwaambia wanatumia vibaya huduma ya dharura watakuuliza watumie ipi.

Vituo vya afya vina zamu ya usiku, hilo ni kweli. Lakini ongea na mtu aliyekwenda. Atakuambia mtu wa maabara hakuwepo, dawa aliandikiwa akanunue nje, mwishowe akaandikiwa rufaa na kupanda bajaji ya pili. Aliyepitia hayo mara moja hupiga hesabu safari inayofuata: nauli mbili na foleni mbili, au nauli moja na foleni moja ndefu kwenye hospitali yenye maabara, eksirei na duka la dawa ndani ya uzio mmoja. Msemaji wa hospitali huita hiyo ni ukosefu wa elimu. Mimi naona mtu huyo hesabu anaijua vizuri.

Yapo matumizi mabaya ya kweli, nayo hayatajwi kwenye vipaza sauti. Ni ya mtu anayepiga simu akiwa njiani: "Nina mtu wangu pale." Anafika saa nne asubuhi, siku ya kazi, na kikohozi cha wiki tatu ambacho kliniki ya wagonjwa wa nje ingekimaliza, ila kliniki ina foleni na yeye ana mtu wake. Anapitishwa emajensi, anapimwa, anaandikiwa, anaondoka kabla wa benchi hawajaitwa. Huyo hana sababu ya kufuli wala ya nauli. Kama tunataka kuanza kumkemea mtu, tungeanza na huyo, lakini anayetakiwa kumkemea mara nyingi ndiye aliyempigia simu sista.

Nani hasa anajaza chumba

Mtu akiona benchi limejaa na bodaboda yuko kwenye machela kwenye ujia tangu magharibi, haraka haraka huunganisha: wa benchi wamemzibia wa machela. Hesabu haiji hivyo. Mgonjwa wa kijani hatumii oksijeni, hatumii damu, halali kitandani. Anachukua dakika za sista, kiti, na dakika chache za daktari. Huko Ontario, Kanada, watafiti wakiongozwa na Michael Schull walipitia mamilioni ya safari za wagonjwa kwenye hospitali zaidi ya mia moja na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kila wagonjwa 10 wa shida ndogo wanapoongezeka ndani ya zamu ya saa 8, mgonjwa mwenye hali nzito huchelewa kuonwa na daktari kwa wastani wa dakika 2.1. Dakika mbili.

Kinachoziba emajensi ni upande wa kutokea. Mgonjwa ameshapimwa, ameshapewa dripu, daktari ameshaandika "alazwe", na wodini hakuna kitanda. Anabaki. Wa pili anabaki. Kufika saa nane usiku chumba cha dharura kimekuwa wodi isiyo na wauguzi wa wodi, na anayeletwa na gari la wagonjwa anapokelewa kwenye ujia. Ni kama sinki: unaweza kupunguza matone ya bomba upendavyo, kama shimo limeziba maji yatapanda tu.

Nairobi ililiona hili kwa uchungu Oktoba 2015. Majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa takriban saa 18, akizungushwa kati ya hospitali kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafariki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki ilikuwepo kwenye maandishi, na hakuna mwenye mafua yeyote aliyekuwa amelalia kitanda cha majeruhi yule. Vitanda vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vichache.

Tanzania, kwa upande wa mapokezi, imepiga hatua ambazo watu husahau. Idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alipokelewa na aliyekuwepo zamu. Mwaka 2021 mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliochukuliwa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, ulijenga pia majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi mikoani. Ni fedha zilizoenda pazuri. Lakini jengo jipya la dharura likiwekwa kwenye wilaya ambayo zahanati zake zote zinafungwa alasiri, usiku litageuka zahanati, na hakuna tangazo litakalolizuia.

Sasa turudi kwa wale wanaochelewa. Safari ya mgonjwa wa kwetu huanzia duka la dawa, si hospitali. Dawa ya maumivu leo, ya minyoo kesho, antibiotiki nusu dozi keshokutwa. Mtoto akishikwa na degedege, zipo familia ambazo bado huanza kwa mganga, maana bibi anaujua ugonjwa huo kwa jina jingine. Mzee aliyepooza upande mmoja alfajiri hukandwa kwa maji ya moto mpaka jioni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hufaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Jioni hata hospitali yenye dawa hiyo haiwezi tena kuitumia.

Watu hawa ndio wanaosikiliza tangazo la "msije emajensi kwa shida ndogo". Mwenye mtu wake pale hasikilizi. Anayelisikia ni mama mnyenyekevu wa Mbagala, anayeogopa kufokewa mbele za watu, ambaye akishaambiwa na sista mara moja "mama, hii nayo ya kuja usiku?" hatarudi, hata siku mtoto amelegea. Nimewasikia akina mama wakisimuliana hivyo kwenye daladala, na wanakumbuka sauti ya sista kuliko jina la dawa. Ukimwondoa wa kijani kwa karipio, huwezi kujua utakuwa umemwondoa nani wiki ijayo.

Kuna njia nyingine, na mfano mmoja tunao wenyewe. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa rasmi kitaifa mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Kanda ya Ziwa, unampa mjamzito au mwenye kichanga namba ya bure, 115. Anayepokea simu anauliza maswali kwa mpangilio, anaamua kama hali ni ya hatari, anaelekeza kituo cha kwenda, na kama gari la wagonjwa halipo anamtuma dereva wa kijijini aliyesajiliwa, anayelipwa na mpango. Kuchuja kunafanyika kabla bajaji haijaitwa. Uamuzi wa usiku unaondoka mabegani mwa familia na kwenda kwa mtu aliyefundishwa. Sioni kwa nini baba mwenye "gesi" asipate simu ya namna hiyo. Namba ya Wizara ya Afya, 199, watu waliizoea wakati wa UVIKO-19. Kuipa wauguzi wa kuchuja usiku kucha ni gharama, ila ni ndogo kuliko jengo.

Uingereza mwaka 2017 ilitenga pauni milioni 100 ili madaktari wa kawaida wakae jirani na mlango wa emajensi, wawachukue wa shida ndogo hapo hapo. Wamekiri kwa vitendo kwamba watu watakuja tu, basi wahudumiwe wanakokuja. Kwetu ingetosha kuanza na chumba kimoja, tabibu mmoja na dirisha la dawa, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, ndani ya uzio ule ule. Au, afadhali zaidi, kituo cha afya kimoja kila wilaya ya jiji ambacho maabara yake ina mtu usiku kweli, na kila mwenye bajaji anajua hivyo.

Mpaka hayo yafanyike, haya ndiyo ambayo wahudumu wa dharura wangependa kila nyumba iyajue. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au haamshiki, aende usiku huo huo. Mtu mzima ambaye mdomo umepinda, mkono umekosa nguvu au ulimi umekuwa mzito ghafla, aende. Ukumbuke saa iliyoanza, maana utaulizwa. Maumivu ya kifua au tumbo la juu yanayokuja na jasho au kukosa pumzi, aende. Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa kikali au anayeona kiwi, aende. Homa kali kwa yeyote ambaye shingo imekakamaa au akili imechanganyikiwa, aende. Jino, mafua ya mtu mzima anayekula na kutembea, mgongo wa wiki mbili, hivyo vinaweza kungoja asubuhi. Ukiwa na shaka, usingoje.

Na ukienda, beba kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote anazotumia mgonjwa ndani ya mfuko mmoja, hata za mitishamba, bila kuona haya. Daktari hawezi kukwepa asichokijua. Ndugu mmoja wa kumsindikiza anatosha. Wale wengine wanne wabaki nyumbani na simu zenye chaji.